Kiangazi Bi Mdogo Alipoficha Oili

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa kwanza

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika ndugu zangu wote na mke wangu wa kwanza. Nimeyaaga meno yote ya juu. Mabosi wa kiwanda cha barafu wamekuja na kuondoka mimi nikiwapo, na kiwanda chenyewe nimekipita umri, sasa ni ukumbi wa harusi. Daktari aliyeniambia nikiendelea na sigara sitafika sitini, nilihudhuria mazishi yake, na nikavuta moja njiani nikirudi.

Nasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue anasoma maneno ya nani. Shule niliishia darasa la tatu na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama mbuzi. Lakini kibarazani wananiambia kila nikisimulia natia chumvi. Basi safari hii naandika siku ile ile, chumvi ikiwa bado dukani.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu wa mwisho ni mtunzaji wa ghala la chanjo ya mifugo. Humo mna chupa ndogo ndogo, kila moja kama kidole cha mtoto, na ndani yake mna mbegu ya chanjo ya kuku. Mbegu hiyo ameihangaikia tangu hajaolewa. Ipo pale tu, haipo kwingine. Inataka baridi ya themanini chini ya sifuri. Ikipanda ikavuka sitini kuja juu, inaanza kufa, na ikifa hakuna wa kuifufua. Friji mbili zilikuwepo, moja imekufa. Iliyobaki inasuasua. Mpya imeagizwa na itafika mvua zikifika, kama itafika. Na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Leo binti amekuja nyumbani, hakukaa hata kitini. Akasema, "Baba, njoo uisikilize."

Nilijua atakuja. Kwenye baridi hakuna mtu anayenipita.

Jumanne, tarehe 7

Nimekwenda. Mlinzi wa getini, tunamwita Filimbi kwa sababu anapiga mluzi kutwa, aliniinukia na kunipa shikamoo mbili. Anajua mtu.

Friji ile ni ya namna yake. Mashine moja haiwezi kushuka mpaka themanini, kwa hiyo ziko mbili, moja inaipoza nyingine. Ya kwanza inapokea joto la nje na kuhangaika nalo. Ya pili inakaa mgongoni mwa ya kwanza, na ndiyo inayoingia chumbani kwenye chupa. Nimewapa majina. Ya kwanza ni Bi Mkubwa, ya pili Bi Mdogo. Bi Mkubwa anatoka jasho ili Bi Mdogo apate kuwa baridi.

Mke wangu nilipomweleza alisema, "Hayo majina yaishie huko huko ghalani."

Mwenye dhamana ya mitambo pale ni mkwe wangu, mume wa huyo binti. Ni injinia. Mimi namwita Makaratasi, si mbele yake. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na kabla ya kushika spana anasoma kwanza. Nimemkuta amekaa mbele ya Bi Mdogo na kitabu mapajani kama anamsomea hadithi.

Kila mashine ina kompresa, pampu inayosukuma gesi, yenye kioo kidogo ubavuni, unaona oili iliyomo ndani. Inatakiwa ifike katikati. Kwa Bi Mdogo kioo kilikuwa kitupu.

Nikasema, "Mkwe, mashine ina kiu."

Nikaijaza mpaka nusu kioo. Ikanyamaza papo hapo, sauti ikawa kama ya paka aliyeshiba.

Makaratasi akauliza, taratibu, "Baba, ile ya kwanza imekwenda wapi?"

"Imeliwa," nikamwambia. "Mashine inakula oili kama mtu anavyokula. Au wewe kila ukila unauliza chakula kimekwenda wapi?"

Filimbi, aliyekuwa ametufuata ndani, alicheka mpaka akaegemea mlango.

Alhamisi, tarehe 9

Themanini na moja chini ya sifuri. Sina la kuongeza.

Jumanne, tarehe 14

Sabini na tatu. Kioo kitupu. Nikaongeza oili.

Jumatatu, tarehe 20

Sabini na moja. Kioo kitupu tena. Nikaongeza.

Mkwe alisimama nyuma yangu ameifunga mikono. "Baba, sakafu ni kavu. Bomba zote kavu. Oili haivuji nje. Lazima iko ndani."

"Ikiwa ndani si ndiko inakotakiwa?"

"Ndani ya kompresa, Baba. Siyo ndani kwa ndani."

Nikamwambia kwamba nilipokuwa naendesha mitambo ya barafu, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nikamwambia kwamba kule kila Jumamosi tulikuwa tunaongeza oili, na barafu ilitoka, na mji mzima ulikunywa maji baridi. Akasema, "Ndiyo, Baba." Lakini ile ndiyo yake haikuwa ndiyo. Binti yangu alikuwa anatutazama wote wawili. Akafungua daftari la joto akaandika sabini na moja, akaipigia mstari chini.

Alhamisi, tarehe 23

Joto. Mbwa wa jirani amehamia bafuni kwetu.

Jumanne, tarehe 28

Sitini na tisa. Nikaongeza. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia sijanuna, uso wangu ndivyo ulivyo. Akasema anaufahamu uso huo tangu una meno.

Ijumaa, tarehe 31

Leo naandika ukurasa na zaidi, na mkono unaniuma.

Umeme ulikatika asubuhi watu wakiwa kwenye chai. Si ghala tu, mtaa mzima. Jenereta la ghala likawashwa, likakohoa, likazimika. Makaratasi akavua shati lake jeupe, kwa mara ya kwanza nikamwona ana fulana kama binadamu wengine, akaingia chini ya jenereta. Mimi nilikuwa nampa taa na ushauri. Ushauri aliuacha, taa akaichukua.

Binti yangu alikaa mbele ya friji. Mlango haufunguliwi, kila ukiufungua baridi inatoka, kwa hiyo hana la kufanya ila kutazama namba. Sitini na nane. Sitini na sita. Sitini na tatu. Jua limeshika bati, ndani mmekuwa kama kwenye tanuri la mkate. Nikamwambia atoke apate hewa. Akanijibu, "Baba, niache nikae nazo."

Nimemlea huyu mtoto. Hata alipovunjika mkono hakulia. Leo nilimwona anaifuta ile namba kwa ncha ya kitenge, kama vile ni vumbi.

Sitini. Hamsini na tisa. Hamsini na nane.

Hapo ndipo umeme uliporudi. Tukamwasha Bi Mkubwa kwanza, tukangoja apoe, kisha Bi Mdogo. Na Bi Mdogo akaanza kugonga. Si sauti ya kawaida, ni kama mtu anabisha hodi kwa ngumi. Nikapiga magoti kwenye kioo nione kiu yake.

Kioo kilikuwa kimejaa. Kimejaa mpaka juu, oili imefunika kabisa, na ilikuwa bado inakuja.

"Zima," mkwe akasema, nami mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Kompresa inayomeza oili kiasi hicho inavunjika matumbo.

Tulifungua skrubu ya chini ya kompresa tukaipunguza. Chupa ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Ya tatu. Zikapangwa sakafuni mbele ya kila mtu. Ile oili yote niliyotia tangu mwanzo wa mwezi, ilikuwa pale, inang'aa. Haikuliwa na mtu. Ilikuwa imelala ndani kwenye koili ya baridi, lile bomba la kujisokota linalopoza chupa, imeganda kama nta ya mshumaa, inaifunika koili isipoe. Friji ilipopata joto kidogo ikalainika, ikaamka, ikarudi nyumbani yote kwa pamoja.

Nilingoja Makaratasi aseme. Mimi ningesema. Ningesema mpaka mwakani.

Akaokota kitambaa akafuta mikono, akasema, "Baba, nishikie hii chupa isimwagike."

Jumamosi, tarehe 1, mwezi wa pili

Leo sina la kuandika.

Jumatatu, tarehe 3

Nimefikiri siku mbili na jambo nimelipata, kwa hiyo natamka mwenyewe kabla sijatamkiwa.

Kule kwenye barafu tulitumia gesi ya amonia. Amonia na oili hazipatani hata kidogo. Oili inazama chini ya tangi, unafungua koki, unaitoa, unatia mpya juu. Ndiyo kazi, na niliifanya kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa Bi Mdogo hakuna koki kule kwenye koili oili inakolala. Nilikuwa natia juu bila kutoa chini. Yaani nilifanya nusu ya kazi sahihi kwenye mashine isiyo yake. Fundi wa kawaida asingeweza kukosea hivyo, anahitaji kwanza awe ameendesha amonia miaka mingi.

Nilimweleza mkwe hivi hivi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza Baba anaona nini ambacho mimi sikioni."

Nikamwagiza chai.

Binti anasema mbegu ilivuka sitini kwa muda mfupi. Inawezekana imepona, inawezekana haikupona. Ya kuipimia ni mayai maalumu, ya kuku ambao hawajawahi kuchanjwa, na yanatoka mbali. Yatafika mwezi ujao. Kwa sasa hajui kama anatunza mbegu au anatunza maiti, ila anatunza.

Jumamosi, tarehe 8

Tumeweka chungu. Ni chungu cha chuma kinachokaa mlangoni pa kompresa ya Bi Mdogo. Gesi ikitoka inapita humo, oili inanaswa, inarudishwa kwa bomba jembamba kabla haijafika kwenye baridi. Wazo la mkwe. Kuchomelea ni mimi. Maungio hayo mwanamke angeweza kuyavaa kama bangili.

Themanini na mbili. Kioo nusu.

Jumanne, tarehe 11

Kioo nusu. Nimewaambia kibarazani. Wakasema natia chumvi.

Jumatatu, tarehe 17

Sabini na nne. Kioo kiko robo.

Nilimkuta mkwe nyuma ya ghala amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shati jeupe lina oili mgongoni, na kalamu imebaki moja. Mwezi uliopita ningempita kwa maneno. Nikavuta tofali nikakaa.

"Chungu hakinasi yote," akasema. "Kidogo kinapenya kila siku. Kidogo tu. Lakini kikifika kule kinaganda, na kilichoganda hakirudi."

"Binti yangu unamwambiaje?"

"Simwambii kitu, Baba. Ananisoma usoni kabla sijavua viatu."

Nikampa sigara, akakataa. Nikasema nilikuwa najaribu tu kama ameharibika. Akacheka kidogo.

Mtu mwenye kalamu tatu naye anachoka. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano, tarehe 19

Nimeona kwa macho yangu, na sasa naamini.

Mkwe ametafuta mkebe wa maji fulani mepesi, jamaa ya petroli, yanaitwa pentani. Ni mepesi kiasi kwamba ukiyashika mkononi kwenye joto hili yanaanza kuchemka yenyewe, kifuniko kinalia sss. Alichukua vichupa viwili vya kioo. Cha kwanza akatia oili tupu. Cha pili akatia oili na pentani kidogo. Akavitia kwa Bi Mdogo, akafunga, tukasubiri.

Alipovitoa, cha kwanza nikakipindua kichwa chini. Oili haikusogea. Ungeweza kuipigilia msumari. Cha pili nikakipindua, oili ikateremka polepole kama asali.

"Tukiitia ndani ya Bi Mdogo kidogo," akasema, "oili kule kwenye baridi haitaganda. Itatembea. Itarudi yenyewe na gesi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hapo ndipo kalamu zangu zinapofanya kazi, Baba."

Nikamwambia azifanyishe haraka, maana jua halingoji.

Mkebe tumeuhifadhi kwenye friji ya nyumbani kwangu usichemke. Mke wangu akaukuta kando ya maziwa. Amesema maziwa yakinuka petroli nitalala kwa Bi Mdogo.

Jumatatu, tarehe 24

Sasa zamu yangu. Mkwe amepata dawa ya kuilainisha oili, lakini hakuna kutembea mpaka kuwe na njia. Nikachukua pima maji na uzi, nikalifuata bomba la kurudishia gesi kutoka kwenye baridi hadi kwenye kompresa, pembe kwa pembe, juu ya ngazi. Binti alinishikia ngazi akasema nikianguka atamweleza mama yake nilipanda bila ruhusa.

Bomba lina kitambi.

Katikati limeinama, kibano kimoja hakipo, na hapo kwenye kitambi oili yoyote inayorudi inakaa na kupumzika. Tena bomba lenyewe ni nene mno. Fundi aliyetutangulia aliweka nene akidhani nene ndiyo heshima. Kwenye bomba nene gesi inatembea kama bwana harusi, haina nguvu ya kusukuma kitu. Oili inataka upepo mgongoni.

Nikamwita mkwe. Akapanda, akatazama, akashuka, akakaa na kalamu yake iliyobaki. Baadaye akanionyesha kipimo cha bomba jembamba lenye kuteremka kuelekea kompresa. Kilikuwa kile kile cha kipande nilichokuwa nimekikata tayari na kukificha nyuma ya mgongo wangu.

Nilikitoa taratibu, ili akione vizuri.

Akasema, "Baba, siku moja utaniua kwa raha zako."

Alhamisi, tarehe 27

Siku yenyewe.

Barafu kavu ilifika asubuhi kutoka kiwanda cha soda, inafuka moshi kama jiko. Binti yangu na glavu zake nene akahamisha chupa zote kwenye masanduku, akaweka barafu chini, juu na pembeni, akafunga. Akasema, "Barafu hii ikiisha kabla Bi Mdogo hajafika sitini, hakuna tena." Akakaa juu ya sanduku moja.

Tukaivuta gesi yote kutoka kwa Bi Mdogo tukaiweka mtungini. Tukakata bomba nene. Nikalisimamisha bomba langu jembamba, nikapima mteremko, nikarudia kupima. Mkwe alishika kitambaa kibichi kwenye valvu zisiungue, mimi nikashika moto. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka kidevuni kwangu likifika kwenye bomba linasema chsh. Miaka sabini na nane, na mkono haukutetemeka. Hilo waulizwe waliokuwepo.

Saa sita mkurugenzi wa ghala akaja kutazama. Mtu mnene mpole, amesimama na feni ya mkono. Ndipo tukajaza naitrojeni kupima maungio, mkwe akapaka povu la sabuni. Kila ungio kimya. Tukafika la mwisho.

Povu likavimba. Tobo dogo kama tundu la sindano, lakini tobo. Na ungio lilikuwa langu.

Mkurugenzi akainama. "Hilo limechomelewa na nani?"

Mimi nilikuwa nafungua mdomo nisijue kitakachotoka. Mkwe akasema, hata hakugeuka, "Fimbo ya kuchomelea ndiyo mbovu, Bosi. Hizi za siku hizi si nzuri. Tunabadilisha."

Akachukua fimbo kutoka fungu lile lile. Mwanzo mpaka mwisho lilikuwa fungu moja. Akanikabidhi. Nikaitazama, nikamrudishia.

"Shika wewe, mwanangu," nikasema. "Mimi nitakuelekeza."

Akalichomelea. Povu likakaa kimya.

Nimeandika hapa kwa sababu kibarazani sitasimulia kipande hiki.

Tukatoa hewa yote kwa pampu. Kisha pentani. Moto wote ulizimwa, Filimbi akaambiwa hata mluzi asipige, akatii. Mkebe ulitoka kwenye friji ya nyumbani umefungwa kwa taulo la mke wangu. Mkwe akapima kwenye kichupa chenye mistari, Bi Mdogo akakinyonya chote. Kisha gesi yake, taratibu, huku macho yetu yakiwa kwenye geji ya kupimia nguvu ya gesi.

Bi Mkubwa akawashwa. Akanguruma, akapoa. Bi Mdogo akawashwa.

Hakugonga.

Namba ilianza kushuka. Sifuri. Ishirini. Arobaini ikakaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Binti akafungua sanduku akatazama barafu kavu, akafunga haraka. Hakuna aliyemuuliza imebaki kiasi gani. Hamsini. Mkwe alikuwa anatafuna kalamu. Sitini. Binti akasimama lakini hakufungua mlango wa friji, akasema anataka sabini. Mtoto wangu huyo, mkaidi vile vile. Ikafika sabini na jua bado lipo juu ya ukuta. Akaziingiza chupa zote, moja moja, bila haraka, kama anayelaza watoto.

Mkurugenzi alikuwa bado yupo. Kwa feni yake ya mkono alikuwa anampepea Bi Mkubwa, sijui kama alijijua.

Kioo kilishuka mpaka robo. Tukatazamana. Nilishaizoea robo hiyo na sikuipenda. Kisha kitu kikapita kwenye kioo, kiuzi chembamba cha dhahabu, kikifuatiwa na kingine. Oili inarudi. Si yote kwa kishindo kama ile siku ya umeme. Kidogo kidogo, kama mtu anayerudi kazini kila siku saa zile zile. Ikapanda ikasimama nusu.

Themanini na mbili.

Mkwe alikaa sakafuni. Nami nikakaa kando yake. Binti akatukuta hivyo, akasema, "Mnaonekana kama mmepigwa."

"Sisi ndio tuliopiga," nikamwambia.

Ijumaa, tarehe 28

Kioo nusu.

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Kioo nusu. Themanini na mbili. Filimbi ameambiwa atazame kila asubuhi, na sasa namba anaipiga kwa mluzi getini, anayeingia anajua kabla hajafika mlangoni. Kwa themanini na mbili ana wimbo maalumu.

Jumatatu, tarehe 10

Leo ndiyo siku ya joto kuliko zote. Lami ya barabarani inashika viatu. Jirani amekaa ndani ya beseni. Umeme ukakatika tena, jenereta likashika mara moja, maana mkwe alilitengeneza tangu ile siku. Nilikimbia ghalani, naam, nilikimbia, nikapiga magoti kwenye kioo.

Nusu.

Mkwe alikuwa ameshafika. "Baba, umekimbia na huo moyo wako?"

"Moyo wangu ni amonia," nikasema. "Hauchanganyiki na woga."

Mayai yamefika. Binti ametoa chupa moja, ameyeyusha, ameingiza kwenye mayai. Sasa ni kungoja. Hali chakula sawasawa. Mke wangu anampelekea uji kazini na kusimama mbele yake mpaka amalize.

Alhamisi, tarehe 13

Kioo nusu. Namkuta binti anatazama kijisanduku cha mayai, mkwe anamtazama binti. Sikuingia.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua imekuja asubuhi bila salamu, imelipiga bati la ghala hatusikilizani. Nilikuwa kwa Bi Mdogo nafuta kioo, ingawa hakikuwa kichafu.

Binti alitoka chumba cha mayai amevua glavu. Nikaona mdomo wake unasema kitu, sikusikia kwa mvua. Akaja karibu, akanishika masikio yote mawili kama nilivyokuwa nikimshika yeye akiwa mdogo asiposikia, akasema usoni kwangu:

"Imeota, Baba. Imeota kwenye mayai yote. Iko hai."

Mkwe alikuwa nyuma yangu. Nikageuka nikamwona ameinua uso anatazama bati, anapepesa macho. Nikamwambia bati halivuji. Akasema ndiyo, Baba, halivuji. Na safari hii ndiyo yake ilikuwa ndiyo.

Friji mpya imefika mchana, imelowa, iko kwenye boksi. Mkurugenzi aliuliza ihamishiwe mbegu lini. Binti yangu akasema mpya itakaa pembeni iwe msaidizi kwanza, ijifunze. Mimi sikumfundisha maneno hayo. Ni damu.

Jioni tulikula wote nyumbani kwangu. Mke wangu akamwekea mkwe kipande kikubwa kuliko changu. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Huyu hajasema hata neno moja juu ya oili tangu alipoingia." Kwenye meza nikatangaza kwamba jina Makaratasi limefutwa. Mkwe akasema alikuwa analijua tangu siku ya kwanza, Filimbi alimwambia.

Sasa nafunga, wino umekwisha na mvua inaendelea. Anayesema nimetia chumvi aende akaulize. Filimbi wa getini alikuwepo na alicheka nilipokosea, kwa hiyo hana sababu ya kunipendelea. Mkurugenzi alikuwepo na feni yake. Mke wangu anaweza kueleza juu ya maziwa, na huyo tangu nimwoe hajanisifia bure. Mwanangu yule wa kalamu, aliyekuwa mkwe, atasema ukweli wote isipokuwa habari ya ungio moja, na hiyo nimeiandika mwenyewe.

Na ikitokea wote wamesafiri, nenda ghalani mwenyewe. Vua kofia, piga magoti ubavuni mwa Bi Mdogo, utazame kioo. Utaiona oili iko nusu, inang'aa, haina haraka. Hiyo ndiyo shahidi wangu mkubwa, na kwa kusoma hainishindi.